Mkuu wa Mafundi katika Mashindano ya Motokaa: Kazi Yake na Njia ya Kuifikia

Habari za mashindano ya motokaa zikiandikwa magazetini, jina linalochapwa kwa herufi kubwa ni la dereva. Picha ni yake, kikombe ni chake, na watoto hulishika jina lake. Lakini nyuma ya kila dereva yupo mtu asiyeshika usukani, naye ndiye aliyeamua gari liwe namna gani, lisimame lini, litiwe petroli kiasi gani na livishwe mipira ipi. Mtu huyo ni mkuu wa mafundi. Makala haya yaeleza kazi yake kama ilivyo Marekani, katika mashindano yanayosimamiwa na chama kiitwacho NASCAR.

Nimeichagua kazi hii kwa sababu katika mabweni yetu ubishi mmoja haukomi. Wengine husema kwamba elimu ya vitabu ndiyo mali, na kazi ya kuchafua mikono ni ya walioshindwa mtihani. Wengine hujibu kwamba vitabu havimlishi mtu, heri kwenda gereji mapema. Ubishi huo si mchezo, maana wako watakaochagua njia ya maisha yao kwa kuufuata. Basi na tuitazame kazi moja ambayo ndani yake spana na kalamu hukaa mfuko mmoja.

CHANZO CHA MASHINDANO HAYA

Mashindano haya yalianza kwa magari ya kawaida, yaani yale yale yaliyouzwa madukani. Katika majimbo ya kusini ya Marekani walikuwako watu waliosafirisha pombe ya magendo usiku. Ili kuwakimbia askari wa kodi, waliyatengeneza magari yao yawe na mwendo kuliko yalivyotoka kiwandani, na springi za nyuma waliziimarisha ili gari lisiiname kwa uzito wa mzigo. Baadaye watu wa namna hiyo, pamoja na mafundi wengine wa vijijini, walianza kushindana mbele ya watazamaji. Desemba 1947 Bill France aliwakusanya wenye mashindano katika hoteli moja ya Daytona Beach, jimbo la Florida, na mwezi wa Februari 1948 NASCAR ikaandikishwa kisheria.

Shindano la kwanza la daraja lililokuja kuwa kubwa kuliko yote lilifanyika Charlotte, jimbo la North Carolina, tarehe 19 Juni 1949. Aliyemaliza wa kwanza alikuwa Glenn Dunaway. Wakaguzi walipolichunguza gari lake waliona springi za nyuma zimebadilishwa kwa ile namna ya wachukuzi wa pombe, basi wakamnyang'anya ushindi wakampa Jim Roper. Mwenye gari alikwenda mahakamani akadai dola 10,000, lakini kesi ikatupwa. Tangu siku hiyo ya kwanza ilijulikana kwamba shindano laweza kushindwa kwa kazi ya spana, hata kama dereva ameendesha vizuri kuliko wote.

KAZI YAKE NI NINI?

Kazi ya mkuu wa mafundi ina sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni kabla ya shindano. Wiki nzima yeye na mafundi wake hulitayarisha gari kwa ajili ya uwanja fulani, maana viwanja havifanani. Kiwanja cha Martinsville, jimbo la Virginia, mzunguko wake ni kama nusu maili tu, na kile cha Talladega, jimbo la Alabama, ni zaidi ya maili mbili na nusu. Gari lililotengenezwa kwa kimoja halifai kwa kingine. Na kwa kuwa mashindano ya mwaka mmoja ni 36, toka Februari mpaka Novemba, hapana nafasi ya kulala.

Sehemu ya pili ni wakati wa shindano. Mkuu huketi juu ya jukwaa karibu na njia ya vituo, amevaa chombo cha kusikilizia, akisema na dereva kwa redio. Dereva humwambia jinsi gari linavyokwenda. Taabu kubwa huwa za namna mbili. Ikiwa mipira ya mbele yateleza kwenye kona, gari hukataa kupinda na kutaka kwenda ukutani. Ikiwa ya nyuma ndiyo iteleayo, mkia wa gari hutoka nje, na gari laweza kuzunguka kama pia. Dereva husema tu anavyosikia mwilini mwake, na mkuu hana budi kuyageuza maneno hayo yawe amri kwa mafundi: punguza upepo wa mpira huu, au zungusha boliti ya springi ya nyuma nusu mzunguko ili uzito wa gari uhamie upande mwingine. Kwa hiyo yampasa kuwa mfasiri. Asipomwelewa dereva wake, ufundi wake wote ni bure.

Sehemu ya tatu ni kuwaongoza watu. Gari likiingia kituoni, mafundi watano huruka ukuta: mmoja wa jeki, wawili wa kufungua na kufunga magurudumu, mmoja wa kuchukua mipira, na mmoja wa petroli. Zamani gurudumu lilikuwa na nati tano. Tangu gari la aina mpya lilipoingia mwaka 2022, gurudumu lina nati moja tu katikati. Kikosi hodari hubadilisha mipira minne na kutia petroli kwa muda wa sekunde kumi hivi.

Mwalimu wa haraka hiyo alikuwa Leonard Wood wa mji mdogo wa Stuart, jimbo la Virginia. Yeye na ndugu zake walikuwa na timu iliyoanzishwa mwaka 1950. Walitambua jambo ambalo wengine hawakulijali: gari lililosimama nalo limo mashindanoni. Walichunguza kila tendo la mafundi wakaondoa lisilofaa, kama mkulima apaliliavyo shamba. Sifa zao zilienea hata mwaka 1965 wakaitwa kumhudumia Jim Clark wa Uskoti katika mbio za Indianapolis za maili 500, ambazo si za magari ya namna yao, naye Clark akashinda.

HESABU ZILIZOMO NDANI YAKE

Hapa ndipo wale wadharauo vitabu watege sikio.

Tuseme gari lakwenda maili 180 kwa saa. Maili moja ni futi 5,280, na saa moja ni sekunde 3,600. Basi katika sekunde moja gari hilo hukata futi 264. Fundi akichelewa kwa sekunde mbili kukaza nati, mwenzake amekwisha kwenda futi 528, yaani sehemu ya kumi ya maili. Dereva atahitaji mizunguko mingi kulipata tena pengo hilo, kama atalipata.

Tazameni na petroli. Tangi la gari huchukua galoni 20. Tuseme kila galoni yatosha maili 4, na mzunguko wa uwanja ni maili moja na nusu. Galoni 20 zatosha maili 80, ambazo ni mizunguko 53 na sehemu kidogo. Je, ikibaki mizunguko 55, mkuu afanye nini? Akilijaza tangi sasa, petroli itakwisha kabla ya mwisho. Akingoja mizunguko miwili zaidi, wenzake waweza kumtangulia. Au amwambie dereva aondoe mguu mapema kabla ya kila kona ili aokoe petroli. Mizunguko 55 ni maili 82 na nusu, basi gari lahitaji kwenda maili 4.125 kwa galoni badala ya 4. Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho, nayo yaweza kumpa mtu ushindi au kumwacha amesimama kando ya njia huku wengine wakipita. Hesabu hii hufanywa katikati ya kelele, na jibu lake latakiwa kabla gari halijaupita mlango wa njia ya vituo.

Na fizikia je? Tumefundishwa kwamba hewa iliyofungiwa mahali pamoja ikipata joto, kani yake huongezeka. Mpira ukijazwa ratili 25 kwa inchi ya mraba katika joto la digrii 27 za Selisiasi, tuongeze ratili 15 za hewa inayotuzunguka, tupate 40. Joto likipanda hadi digrii 87, kwa kipimo cha Kelvin tumetoka 300 kufika 360, yaani tumeongeza moja ya tano. Arobaini huwa 48. Tukiondoa 15, zabaki 33. Mpira uliowekwa kwa ratili 25 sasa una ratili 33, na gari limebadilika tabia. Mkuu wa mafundi haupimi mpira kwa vile ulivyo asubuhi, bali kwa vile utakavyokuwa ukipata moto. Kwa sababu hiyo aghalabu hutumia hewa ya naitrojeni iliyo kavu, maana unyevu ndani ya mpira huharibu hesabu.

NGAZI ZA KUPANDA

Hapana mlango mmoja wa kuingilia kazi hii. Twaweza kuona mitatu.

Mlango wa kwanza ni gereji ya nyumbani. Dale Inman alikulia Level Cross, jimbo la North Carolina, akiwa binamu wa Richard Petty. Walianza utotoni kumsaidia Lee Petty, babaye Richard. Inman alikuwa mkuu wa mafundi wa Richard katika ubingwa wote saba alioupata kati ya 1964 na 1979, kisha akapata wa nane mwaka 1984 pamoja na Terry Labonte. Alijifunza kwa kutazama, kushika na kurudia.

Mlango wa pili ni kuendesha gari. Ray Evernham wa jimbo la New Jersey alikuwa dereva. Mwaka 1991 aliumia vibaya kichwani katika ajali, na udereva ukamwisha. Wengine wangalirudi nyumbani. Yeye aliichukua akili ya dereva akaitia katika kazi ya ufundi, akawa mkuu wa mafundi wa kijana Jeff Gordon. Pamoja walishinda mashindano 47 na kuchukua ubingwa wa mwaka 1995, 1997 na 1998. Timu yake iliona pia kwamba kuruka ukuta na kubeba magurudumu ni kazi ya mwanariadha, ikamleta mkufunzi aliyekuwa mchezaji wa mpira wa Kimarekani ili awafanyize mafundi mazoezi. Leo timu kubwa zote hufanya hivyo. Paul Wolfe naye alikuwa dereva kabla ya kuwa mkuu wa mafundi na kupata ubingwa mwaka 2012, 2022 na 2024.

Mlango wa tatu ni chuo kikuu, na siku hizi ndio unaopitiwa na wengi. Cliff Daniels alisoma uhandisi katika Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Charlotte, mji ambao timu nyingi zaishi karibu nao. Alifanya kazi ya mhandisi wa timu kwa miaka kadha, akipima na kuandika, kabla hajapewa ukuu mwaka 2019. Mwaka 2021 katika shindano la mwisho huko Phoenix, jimbo la Arizona, dereva wake Kyle Larson aliingia kituoni mara ya mwisho akiwa wa nne. Mafundi walifanya kazi yao kwa kasi hata akatoka wa kwanza, akabaki mbele mpaka mwisho, akawa bingwa. Larson mwenyewe aliwashukuru mafundi wake, na ilimpasa.

Lakini ngazi ielezayo mambo zaidi ni ya Chad Knaus, aliyezaliwa mwaka 1971 mjini Rockford, jimbo la Illinois. Babaye alishindana katika uwanja wa huko, naye Chad alikuwa mkuu wa mafundi wa babaye angali kijana wa miaka kumi na minne. Mwaka 1993 alipata kazi katika timu ya Hendrick. Hakupewa ukuu. Alipewa kazi ya kukunja na kuunga mabati ya bodi, kisha akawa mfunga magurudumu chini ya Evernham, kisha akasimamia uundaji wa bodi na fremu. Akatoka kwenda timu nyingine, huko akapata kuwa mkuu wa mafundi, na mwaka 2002 Hendrick ikamwita arudi amwongoze Jimmie Johnson. Walipata ubingwa saba, na mitano kati yake ilifuatana toka 2006 mpaka 2010, jambo ambalo hapana mwingine aliyelifanya. Mwaka 2024 wote wawili waliingizwa katika Jumba la Heshima la NASCAR. Angalieni basi: toka kumtumikia babaye hadi ubingwa wa kwanza ilipita miaka ishirini. Kila kipandio alikanyaga kwa mguu wake mwenyewe.

MZIGO WA UKUU

Mkubwa ni jalala, walisema wazee, na katika kazi hii ni kweli kabisa. Mwaka 2006, kabla ya shindano kubwa la Daytona, wakaguzi waliona kwamba dirisha la nyuma la gari la Johnson limebadilishwa kinyume cha sheria. Knaus alifukuzwa uwanjani, na adhabu yake kwa jumla ikawa kukosa mashindano manne. Msaidizi wake Darian Grubb alishika nafasi yake, na gari likashinda Daytona bila yeye. Hebu fikirini ukuu huo: shindano kubwa la mwaka lashindwa na gari lako, nawe huko hupo.

Mwaka 2022 sheria ilikuwa kwamba gurudumu likichomoka gari likiwa mbioni, mkuu wa mafundi afungiwe mashindano manne pamoja na mafundi wawili, ijapokuwa mkono wake haukuigusa nati. Mwaka uliofuata adhabu hiyo iliondolewa kwa mkuu ikabaki kwa mafundi. Watu waweza kubishana ipi ni haki zaidi. Lakini sababu ya ukali ni moja: gurudumu likiruka kwa mwendo ule laweza kuua mtu. Mkuu anayewaharakisha watu wake lazima ajue ni wapi haraka inapogeuka kuwa hatari.

WALIOFUNGIWA MLANGO

Yafaa pia tukumbuke kwamba ngazi hii haikuwekwa wazi kwa wote. Wendell Scott wa Danville, jimbo la Virginia, mtu mweusi, alikuwa makanika jeshini katika Vita Kuu ya Pili. Katika mashindano alikuwa dereva na mkuu wa mafundi wa nafsi yake, akisaidiwa na watoto wake, kwa vyombo vichache vya kununua kwa wengine. Tarehe 1 Desemba 1963, huko Jacksonville, jimbo la Florida, alimaliza wa kwanza, lakini waliohesabu mizunguko walimtangaza mtu mwingine, naye huyo akapewa kikombe. Baadaye walikiri kwamba Scott ndiye aliyeshinda, mbele kwa mizunguko miwili, lakini watazamaji walikuwa wamekwisha kwenda zao. Scott alifariki mwaka 1990. Aliingizwa katika Jumba la Heshima mwaka 2015, na jamaa zake walikabidhiwa kikombe cha ushindi ule mwaka 2021.

Mwaka 2004 NASCAR ilianzisha mpango wa kuwafunza madereva na mafundi kutoka watu waliokuwa wakiachwa nje. Kwa njia hiyo Brehanna Daniels, aliyekuwa mchezaji wa mpira wa kikapu katika Chuo Kikuu cha Norfolk State, alikuwa mwaka 2018 mwanamke mweusi wa kwanza kufunga magurudumu katika daraja la juu. Hakuwa amelelewa katika gereji. Alikuwa na nguvu, shabaha na utii wa mazoezi, na mengine akafundishwa.

NENO LA MWISHO

Turudi sasa kwenye ubishi wetu wa bwenini. Inman hakuhitaji shahada, na Daniels wa Phoenix anayo; wote wawili walikuwa mabingwa. Lakini hapana hata mmoja kati yao aliyepata ukuu bila kuchafua mikono, wala hapana aliyeukwepa uzito wa hesabu. Asiye na shahada alizifanya hesabu kichwani kwa uzoefu wa miaka mingi, na mwenye shahada ilimbidi ajifunze kumsikiliza dereva na kuheshimu mkono wa fundi. Kijana anayekwenda gereji akavitupa vitabu vyake atabaki kufungua nati alizoamriwa. Na kijana mwenye cheti kizuri asiyejua nati ikazwayo sawasawa ina sauti gani, mafundi hawatamfuata.

Nanyi ndugu zetu mliomaliza shule zamani, wengine wenu mna karakana na magari. Mpokeeni mwanafunzi wakati wa likizo, japo wiki mbili, afagie, ashike taa, aulize. Knaus alianza kwa kumshikia babaye spana. Wengi wetu baba zetu hawana gari, basi twawaomba ninyi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini Glenn Dunaway alinyang'anywa ushindi mwaka 1949?
2. Gari lakwenda maili 150 kwa saa. Likichelewa kituoni sekunde tatu, limepoteza futi ngapi?
3. Tangi lina galoni 20 na kila galoni yatosha maili 5. Uwanja una maili mbili na nusu. Gari litamaliza mizunguko mingapi?
4. Eleza tofauti ya gari linalokataa kupinda na gari linalotoa mkia.
5. Jadilini darasani: gurudumu likichomoka, aadhibiwe nani, aliyelifunga au aliyemwamuru? Toeni sababu.